Aliyelipia Ndiye Aliyebaki

Zana za kuhifadhi na kugundua kurasa za mtandaoni zilizotamba miaka ya 2000 karibu zote zimetoweka, na wengi husema ziliuawa na Google. Ushahidi unaelekeza kwingine: kwa waliokuwa wakigharimia huduma zenyewe.

StumbleUpon, iliyoanzishwa Kanada mwaka 2001, ilimuuliza mtumiaji anapenda nini, kisha kila alipobofya kitufe ikamfikisha kwenye ukurasa asioutarajia, uliosifiwa na watu wenye ladha kama yake. Delicious, aliyoizindua Mmarekani Joshua Schachter mwaka 2003, ilianzia kwenye haja ndogo zaidi: ukiona ukurasa wa maana, uuwekee alamisho mtandaoni badala ya kuifungia ndani ya kompyuta moja, na uupachike lebo kwa maneno yako mwenyewe. Kila mtu alijiwekea kumbukumbu zake, lakini kwa kuwa orodha nyingi zilikuwa wazi kwa wote, lebo zilikusanyika zikawa faharasa kubwa ambayo hakuna mkutubi aliyeipanga. Kwangu mimi, huu ndio uliokuwa uvumbuzi mkubwa zaidi. StumbleUpon isingemfaa mtu bila umati. Delicious ilimfaa hata mtumiaji wa kwanza kabisa.

Ubora huo haukuiokoa. Yahoo iliinunua mwaka 2005, na Desemba 2010 picha ya mkutano wa ndani ikavuja ikiiweka miongoni mwa huduma za kusitishwa. Mwaka uliofuata iliuzwa kwa AVOS, kampuni ya waanzilishi wa YouTube, ambayo iliisuka upya na kuvuruga mfumo wa lebo. Walioumia zaidi ni mashabiki wanaotunga hadithi zao kuhusu wahusika wa vitabu na filamu, waliokuwa wameainisha maandishi yao kwa lebo kwa uangalifu wa ajabu. Wengi walihamia Pinboard, huduma ndogo ya Maciej Cegłowski iliyotoza ada tangu ilipoanza mwaka 2009. Alipowauliza wanahitaji nini, walimwandikia waraka wa pamoja wa makumi ya kurasa. StumbleUpon nayo ilinunuliwa na eBay mwaka 2007 kwa dola milioni 75, ikarudi mikononi mwa waanzilishi wake, ikafungwa mwaka 2018. Delicious ilikuwa imeishia mwaka mmoja kabla: Pinboard iliinunua kwa dola 35,000.

Wanaoilaumu Google wana hoja, maana kutafuta upya kulikuja kuwa rahisi kuliko kuhifadhi. Ila injini ya kutafuta hujibu ulichojua kuuliza, na watu wasiohitaji tena alamisho wasingehama kwa wingi kiasi kile, tena kwa kulipa. Pingamizi zito zaidi ni Pocket, huduma ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye: ilikuwa na daraja la kulipia, na bado mmiliki wake, Mozilla, aliifunga Julai 2025. Basi ada peke yake si kinga. Inamlinda mtumiaji pale tu inapokuwa ndiyo riziki ya mwenye huduma. Ikiwa mapato ya pembeni katika kampuni yenye shughuli nyingine, hukatwa siku mipango inapobadilika. Na huduma ya mtu mmoja, kama Pinboard, ina hatari yake: akichoka, hakuna wa kumpokea.

Kwa hiyo, popote unapohifadhi viungo vyako leo, tafuta sehemu ya kupakua orodha nzima, uiweke kwenye kompyuta yako, na urudie kila baada ya miezi michache.