Mizinga Yenye Bendera

Kila Oktoba 24 hotuba hutukumbusha kwamba Umoja wa Mataifa ulizaliwa San Francisco mwaka 1945. Kwa upande wa mkataba, sawa. Ila jina lenyewe lilikuwa limeshabandikwa kwenye kuta za Marekani kabla ya hapo, na wala halikuwa jina la amani. Lilikuwa jina la washirika wa vitani. Mwanzoni mwa Januari 1942 mataifa 26 yalitia saini azimio mjini Washington kwamba hakuna atakayefanya suluhu ya pembeni na adui. Baada ya hapo kazi ikawa ya wachoraji.

Bango lililo maarufu zaidi ni la Henry Koerner, la mwaka 1943. Mizinga imeinua midomo juu, kila mmoja umevishwa bendera ya nchi yake, na yote inalenga upande mmoja. Koerner alikuwa Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi. Wazazi wake waliobaki nyuma waliuawa. Wanaoyaita mabango haya matangazo ya sabuni tu wangemwangalia kwanza mtu aliyeshika brashi.

Mimi hunivuta zaidi mfululizo mwingine wa serikali ya Marekani, wa 1942, wenye ujumbe kwamba mtu huyu ni rafiki yako, anapigania uhuru. Yupo Mrusi, Mchina, Mwingereza, Mkanada, Mwaustralia, baharia wa Kiholanzi. Na yupo Mhabeshi. Tukumbuke kwamba jeshi la Marekani lilikuwa bado likitenga weusi na weupe, na Truman hakuliagiza liache mpaka 1948. Hata hivyo serikali hiyohiyo iliwaambia raia wake kwamba Mwafrika ni rafiki.

Lakini ni Mwafrika yupi? Haile Selassie aliingia tena Addis Ababa Mei 5, 1941, baada ya majeshi ya Mtaliano kusukumwa kutoka pande za Kenya, Sudan na Somalia. Miongoni mwa waliowasukuma walikuwa Keya, askari wetu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambao wengi walipewa amri kwa Kiswahili. Walikuwapo hadi Gondar, ngome ya mwisho, iliyoanguka Novemba mwaka huo. Mwaka uliofuata Uhabeshi ikajiunga na azimio la Washington. Aliyekombolewa akapata bango lake na bendera yake. Askari aliyepanda ile milima kumkomboa hakuwekwa kwenye mfululizo huo.

Yeye tunamkuta London. Bango la Uingereza lenye picha ya William Little lina neno moja kubwa, Pamoja: safu ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola wakitembea bega kwa bega, Mhindi na Mwafrika wakiwamo, na juu yao bendera moja tu, ya Mwingereza. Huo ni umoja wa aina nyingine. Kwenye mizinga ya Koerner kila mmoja anakuja na chake; hapa wote wanakuja na cha bwana. Tanganyika, kwa kweli, ilikuwa na kichwa cha twiga kwenye bendera yake, lakini twiga huyo alichungulia kutoka ndani ya bendera ya Mwingereza.

Kuna wanaojibu kwamba sababu ni ya kisheria tu: makoloni hayatii saini, basi hayachorwi. Hoja hiyo ningeivumilia kama India isingekuwapo. India ilitia saini Januari 1942 ikiwa bado mikononi mwa Mwingereza, na Ufilipino ikafuata mwaka huohuo ikiwa bado ya Mmarekani. Mlango ulikuwepo, basi, na aliyeamua nani apite alijulikana. Septemba 1941 Churchill alikuwa ameshaliambia Bunge lake kwamba ahadi ya Mkataba wa Atlantiki, ya watu kujichagulia serikali, ililenga kwanza nchi za Ulaya zilizotekwa na Wanazi.

Waruhiu Itote, aliyekuwa Keya huko Burma, ameandika katika kumbukumbu zake kuhusu mazungumzo mawili yaliyomtikisa. Moja lilikuwa na askari wa Kiingereza aliyemwambia kwamba yeye angalau anaipigania nchi yake, akashangaa Mwafrika anapigania nini. Jingine lilikuwa Calcutta, na Mmarekani mweusi. Ndiyo Umoja wa Mataifa wenyewe huo, watu watatu wa pande tatu ndani ya vita moja, wakiulizana swali ambalo hakuna bango lililoliweka.

Itote alirudi Kenya, akafanya kazi reli, kisha akaingia msituni kumpiga vita Mwingereza kwa jina la Jenerali China. Januari 1954 alikamatwa, na mahakama ikamhukumu kunyongwa. Baadaye alisamehewa kitanzi, akabaki kizuizini. Bendera iliyopepea nje ya mahakama ilikuwa ileile ya kwenye bango la Pamoja.