Kariakoo na Mtaa wa Rufiji: Historia Iliyomo Katika Majina

Historia ya Kariakoo, Dar es Salaam, haina budi kuanza na jina lenyewe. Waingereza walipouteka mji huo kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916, eneo hilo liligeuzwa kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Waswahili wakalitamka jina hilo kwa silabi wazi za lugha yao, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, jina la asili hiyo hiyo.

Wapagazi wa vita hivyo ndio waliobeba chakula na risasi hadi Rufiji, ambako majeshi mawili yalikabiliana mwaka 1917 huku mto umefurika. Maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Hivyo, jina linalotajwa leo kwa kununua na kuuza lilizaliwa katika kazi ya shuruti.

Baada ya vita, utawala wa Kiingereza uliugawa mji kwa rangi za watu, na Waafrika wakawekwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Wazaramo, Wandengereko, Warufiji, Wamanyema na Wanyamwezi wakajenga nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma. Wapangaji wa makabila mbalimbali walitumia jiko moja na kisima kimoja, na lugha ya kuelewana ikawa Kiswahili. Mtaa wa Rufiji, Mtaa wa Nyamwezi na Mtaa wa Mahenge ni kumbukumbu ya bara na pwani kukutana. Aidha, ni jirani na hapo, katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa mwaka 1954.

Jengo kubwa la soko, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli kwa mapaa ya zege yenye umbo la miavuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Baada ya biashara kulegezwa masharti katika miaka ya 1980, thamani ya viwanja ilipanda, nyumba za uani zikavunjwa, maghorofa yakasimama. Kariakoo ikawa duka la nchi jirani pia. Lakini mafanikio hayo yalikuja na misukosuko: soko liliungua tarehe 10 Julai 2021, Mei 2023 na Juni 2024 wafanyabiashara walifunga maduka kulalamikia utaratibu wa kodi, na tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20.

Hasara ya maisha na mali huhesabika. Hasara ya lugha haihesabiki kwa urahisi. Uani ulikuwa darasa la misemo, vitendawili na utani baina ya makabila. Duka la ghorofani halina nafasi hiyo. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kujua jinsi lugha hii ilivyowaunganisha watu mjini anapaswa kuyakusanya masimulizi ya wakazi wa zamani wa mitaa hiyo wangali hai, kwani vibao vya mitaa peke yake havielezi ni nani aliyetoka Utete, alikuja kwa njia gani, na alipokelewa nyumbani kwa nani.