Mtu wa Bara

Kwetu Nkome, kisiwa ni mahali pa kwenda asubuhi kwa mtumbwi wa injini na kurudi jioni. Kwa hiyo boti ilipoondoka Dar es Salaam kwenda Unguja, sikuogopa maji. Nilijaa fahari tu. Nyumbani husimuliwa kwamba babu yake babu yangu alikuwa mpagazi: alibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani, akarudi na kaniki na merikani. Enzi hizo, kijana wa Usukuma au Unyamwezi aliyefika pwani alirudi akiheshimiwa.

Mkunazini, ndani ya kanisa kuu la Kianglikana, kijana wa kutembeza wageni alituonyesha duara la marumaru mbele ya madhabahu. Hapo, alisema, ulisimama mti wa kuwachapia watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Kanisa likajengwa palepale. Hadithi yake ikaishia kwenye ukombozi.

Lakini mwaka 1890 Waingereza waliiweka Zanzibar chini ya himaya yao, huku bara letu likibaki kwa Mjerumani, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897. Kwa miaka saba, chini ya wakombozi haohao, watu waliendelea kumilikiwa.

Nje, shimoni, zipo sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni.

"Umetokea wapi, kaka?" kijana aliniuliza.

"Geita."

"Ah, bara. Basi hawa ni watu wako."

Nilitikisa kichwa kukubali, kisha nikanyamaza. Pembe na mateka walipita njia moja. Mpagazi alilipwa, mateka alifungwa, na mara nyingi walikuwa msafara mmoja. Wapo wapagazi waliotumia ujira wao kununua watu. Hadithi ya nyumbani ina pembe, vitambaa na urefu wa njia. Minyororo haimo.

Niliporudi Nkome nilimkuta babu akishona nyavu. Nikamuuliza alichorudi nacho yule mpagazi, mbali na vitambaa.

Alishona matundu matatu kabla ya kujibu.

"Alirudi na mke," alisema. "Hakuna aliyejua kwao ni wapi."

"Ni nani huyo, babu?"

"Ndiye aliyemzaa baba yangu."