Njaa na Unene

Kila tupitapo Kariakoo twakanyaga mahali walipopiga kambi wapagazi wa Vita ya 1914–1918; jina lenyewe ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi chao. Wengi walikufa kwa maradhi, na chakula haba kiliwazidishia udhaifu.

Njaa huutendaje mwili? Mwaka 1945, huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 walikubali kulishwa kidogo kwa miezi sita. Kwanza walikonda upesi; kisha polepole, kwani mwili, kama mama aonaye unga u karibu kwisha, ulipunguza matumizi: moyo ukapiga taratibu, wakaona baridi, wakalegea.

Basi atakaye kupunguza unene asijinyime mno, maana mwili utalegea na kupunguza matumizi yake. Na ale kwa kiasi, atembee kila siku, asubiri. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukipunguza.