Kapolowe: Bukari yetu ilitoka wapi, na kesho itatoka wapi?

Tarehe 29 mwezi wa pili 2024, rais wa Zambia, Hakainde Hichilema, alitangaza kwamba ukame umekuwa janga la taifa lake. Kati ya hekta milioni 2,2 za mahindi zilizopandwa msimu ule, karibu milioni 1 zilikuwa zimeharibika. Hapa Kapolowe habari hiyo haikuwa ya jirani tu. Kila mama anayenunua unga kwa meka anajua: mvua ikikosa ng'ambo ya mpaka, bei inapanda Lubumbashi, inapanda Likasi, kisha inatufikia na sisi.

Watu wanauliza: tuna mto Lufira, tuna ziwa Tshangalele, tuna ardhi mpaka macho yanachoka. Kwa nini tungoje malori ya Zambia? Jibu si la jana. Lina zaidi ya miaka mia moja, na linaanzia kwenye reli ileile inayopita hapa Kapolowe-Gare.

Kabla ya reli, wazee wetu Wasanga, Walamba na Wabemba walitegemea zaidi mtama, ule tunaouita masaka, pamoja na ulezi. Walikata matawi ya miti ya pori, wakayachoma, wakapanda juu ya majivu. Mahindi yalikuwapo, lakini hayakuwa mfalme. Upande wa Luapula, watu wa Mwata Kazembe walikuwa wameufanya muhogo chakula cha kila siku. Muhogo na mahindi yote mawili yalitoka Amerika kwa meli za Wareno, kwa hiyo tusidanganyane kwamba kimoja ni cha mababu na kingine cha wageni. Jambo la kuangalia ni hili: hakuna aliyeweka njaa yake yote kwenye zao moja.

Mambo yalibadilika haraka. Union Minière iliundwa mwaka wa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na mwaka wa 1913 ilikuwa imefika Kambove. Maelfu ya wafanyakazi waliletwa kwenye migodi, na walipaswa kula. Kampuni ilihitaji chakula kinachojazwa kwenye magunia, kinachosafiri kwa treni bila kuoza, kinachopimwa kwa kilo. Muhogo mbichi unaharibika siku mbili tatu baada ya kung'olewa. Unga wa mahindi ulitoka Rhodesia, nchi ambazo leo ni Zambia na Zimbabwe, na treni ileile iliyoleta mashine ikauleta. Ndiyo posho. Neno hilo bado liko mdomoni mwa wazee wa Likasi.

Serikali ya Wabelgiji haikupenda kutegemea Rhodesia. Amri ya mwaka wa 1917 iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao iliyoyataka serikali. Reli ya BCK ilipofika Ilebo mwaka wa 1928, mahindi ya Lomami na Kasai nayo yakaanza kushuka kuelekea migodi. Baada ya uhuru, Gécamines ikaendelea kugawa unga, mpaka kampuni ilipodidimia miaka ya 1990. Posho ikakatika, lakini tumbo lilikuwa limekwisha kuzoea. Mtoto wa Katanga akiambiwa bukari, anafikiri bukari nyeupe ya mahindi.

Basi, mahindi hayakushinda kwa sababu udongo wetu unayapenda. Udongo wa pori letu una asidi, na bila mbolea hautoi mengi. Yalishinda kwa sababu yalifaa kwa treni na kwa mgodi.

Sasa mvua nayo imekuwa na mambo. Sisi tuna msimu mmoja tu, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu au wa nne. Mahindi yanahitaji maji zaidi wakati yanapotoa maua na nywele za gunzi. Jua likikaa wiki mbili tatu wakati huo, hata kama mvua itarudi kwa nguvu, punje hazijai. Muhogo hufanya tofauti. Ukame ukija, unapunguza majani, unafunga matundu yake ili maji yasitoke, unatulia. Mvua ikirudi, unaendelea. Mizizi inaweza kungoja ardhini mwaka mmoja au miwili. Ni ghala lisilohitaji mlango.

Lakini muhogo nao ulikaribia kutupotea, zaidi ya mara moja. Ugonjwa wa mozaiki, ule unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano, uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kwenye kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, mtafiti H. H. Storey na wenzake walifanya kazi ya subira kuanzia miaka ya 1930. Waliuchanganya muhogo na mti ndugu yake unaotoa mpira, ambao ni mgumu kwa ugonjwa, kisha wakarudia kuchanganya na muhogo wa kuliwa, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapata mmea wenye nguvu na wenye mizizi mizuri. Uzao wa Amani ulipelekwa Nigeria, na kituo cha IITA cha Ibadan kikautumia kutengeneza aina ambazo zimeenea Afrika nzima, Kongo pia.

Pigo jingine lilianzia kwetu. Mwaka wa 1973, kandokando ya Kinshasa na Brazzaville, kulionekana kadudu keupe kama unga kanakonyonya ncha za muhogo. Kalikula mashamba, hata sombe ikakosekana. Zaïre ilianzisha programu yake ya muhogo huko M'Vuazi. Watafiti wakatafuta adui wa kadudu hako kule muhogo ulikotoka, na mwaka wa 1981 wakampata Paraguay: nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya mdudu. Alifugwa na kuachiliwa nchi kwa nchi, na janga likatulia. Mswisi Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1995.

Mahindi nayo hayakuachwa. Miaka ya 1970, nchi yetu na watafiti wa CIMMYT, kituo cha Mexico, walianzisha Programu ya Kitaifa ya Mahindi. Ikatoa mbegu kama Kasai 1 na Salongo 2. Uzuri wake ni kwamba mkulima anaweza kuchagua magunzi mazuri na kupanda tena mwaka unaofuata. Mbegu chotara zinazouzwa leo huzaa sana zikipata mvua na mbolea, lakini ukirudisha punje zake shambani, mavuno yanashuka. Lazima ununue tena. Mwaka mbaya wa mvua ndio mwaka ambao mkulima hana pesa ya mbegu.

Hatusemi watu waache mahindi. Muhogo peke yake nao una hatari. Ule mchungu usipolowekwa siku za kutosha unabaki na sumu, na huko Kwango watu wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Pia hauna nguvu nyingi ya kujenga mwili; unataka samaki wa Tshangalele na maharagi pembeni. Na kijiti kilichokatwa kwenye shina gonjwa kinapeleka mozaiki mpaka shamba la jirani.

Tunachosema ni kwamba historia inaonyesha vitu viwili. Kwanza, mbegu yenye nguvu haiji kwa mwaka mmoja. Ya Amani ilichukua miongo, na vituo vya utafiti vikikosa pesa tutailipa kwa njaa. Pili, nyumba yenye mahindi, muhogo, viazi na masaka kidogo haianguki yote siku moja. Wazee walijua hivyo kabla ya posho.

Kabla ya mvua ya mwezi wa kumi na moja, tembelea shamba lako la muhogo sasa, majani yakiwa bado yanaonekana, na uweke alama kwenye mashina yasiyo na madoa. Hapo ndipo utakata vijiti. Kisha muulize bibi yako kama kuna mtu kijijini aliyeweka bado mbegu ya masaka. Akiwapo, omba kiganja kimoja.