Historia ya Upara na Dawa Zake

Nywele ni nyepesi kwenye mizani, lakini ni nzito katika heshima ya mwanadamu. Mtu aliyezikosa hula, hulala na hufanya kazi kama wenzake. Juu ya hayo, tangu zama za kale watu wamehuzunika walipoziona zikinyonyoka, na huzuni hiyo imewafanya wapake vichwani mwao kila dawa waliyoambiwa. Kwa hiyo historia ya upara ni historia ya dawa nyingi zilizotangulia maarifa. Katika insha hii tutaifuata historia hiyo kutoka Misri ya kale hadi wakati wetu, na katika safari hiyo tutajifunza jambo moja kubwa: kwamba upara una sababu nyingi, na kwamba aliyeitafuta sababu kwanza alifaulu, hali aliyekimbilia dawa alipata hasara, na pengine aliwadhuru wengine.

Mojawapo ya maandishi ya kale zaidi ya uganga yaliyosalia duniani ni gombo la mafunjo lililoandikwa Misri yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Huitwa gombo la Ebers, kwa jina la Georg Ebers, mtaalamu wa Kijerumani aliyelipata katika mji wa Luxor katika karne ya 19, na limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Miongoni mwa mamia ya dawa zilizoandikwa humo imo dawa ya kuotesha nywele: mafuta ya simba, ya kiboko, ya mamba, ya paka, ya nyoka na ya mbuzi wa milimani, yachanganywe yote na kupakwa kichwani. Msomaji aweza kujiuliza ni nani aliyetumwa kwenda kuyatafuta mafuta ya simba. Tena aone kwamba wawili kati ya wanyama hao, mamba na nyoka, hawana hata unywele mmoja, na kiboko anazo chache mno! Juhudi haikukosekana katika dawa hiyo. Kilichokosekana ni swali: nywele hizi zimeanguka kwa nini?

Wayunani walilikaribia swali hilo. Hippocrates, tabibu mashuhuri aliyezaliwa katika kisiwa cha Kos yapata mwaka 460 kabla ya Kristo, ameachiwa sifa ya maandishi mengi ya uganga. Katika mojawapo ya maandishi hayo imeandikwa kwamba matowashi hawapati upara. Maneno hayo machache hayakumpa mgonjwa dawa yoyote. Lakini yalikuwa na thamani kuliko mafuta ya simba, kwa kuwa mtu alikuwa ametazama kwa makini, akaona kwamba upara wa wanaume una uhusiano na jambo fulani lililo ndani ya miili yao. Ufunguo ulikuwa umepatikana. Mlango ulikaa zaidi ya miaka 2,000 kabla ya kufunguliwa.

Wakati huohuo wakubwa wa dunia walishughulika na kuficha. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, ameeleza kwamba Julius Caesar, aliyezishinda nchi nyingi, hakuweza kuushinda upara wake. Alizichana nywele zake chache kutoka utosini kuja mbele ya paji. Katika heshima zote alizopewa na Warumi, hakuna aliyoipenda kuliko haki ya kuvaa shada la majani kichwani wakati wowote, kwa maana shada lile lilimsitiri. Karne nyingi baadaye, Louis XIII, mfalme wa Ufaransa, alipungukiwa na nywele angali kijana, akavaa nywele za bandia. Wakuu wake wakamwiga, na mwanawe, Louis XIV, akaikuza desturi hiyo. Baada ya mwaka 1660 ikaenea Uingereza katika enzi ya Charles II. Watu wa kawaida waliiacha baadaye, lakini majaji wa Kiingereza waliishika, na kwa njia ya ukoloni ikafika katika mahakama za Kenya. Ni ajabu kufikiri kwamba aibu ya mfalme mmoja ilikuja kuwa alama ya heshima vichwani mwa majaji wa nchi ya mbali!

Basi kuficha si kutibu. Maarifa ya kweli yalianza kupatikana pale wataalamu walipoacha kuuona upara kuwa kitu kimoja, wakaanza kuzitenga sababu zake moja baada ya nyingine.

Sababu ya kwanza kutengwa ilikuwa mapunye, yaani choa cha kichwani, ugonjwa unaowapata watoto wa shule. Mnamo mwaka 1839 mganga wa Kijerumani, Johann Schönlein, alichunguza kwa hadubini magamba ya ugonjwa wa namna hiyo, akaona kuvu. Muda mfupi baadaye David Gruby, aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliendeleza uchunguzi huo na kueleza namna mbalimbali za kuvu wanaokaa katika nywele na kuzikata. Hivyo ikajulikana kwamba mtoto mwenye mabaka yasiyo na nywele hakurogwa wala hakulaaniwa. Ameambukizwa na kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, na kiumbe hicho chaweza kumhamia jirani yake kwa kitana, kwa kofia, kwa taulo, au kwa vyombo vya kunyolea visivyosafishwa.

Sababu ilijulikana, lakini dawa salama haikuwapo, na hapa haraka ilizaa msiba. Wengine waliwapa watoto thaliamu, ambayo ni sumu inayoangusha nywele zote. Baadhi yao walikufa. Mwaka 1904 Raymond Sabouraud wa Paris alianzisha njia ya kuzing'oa nywele zenye kuvu kwa miale ya eksirei, ili nywele safi ziote mahali pake. Njia hiyo ilipendwa kwa sababu ilionekana kufaulu, nayo ikaenea katika nchi nyingi. Katika Israeli, kati ya mwaka 1948 na mwaka 1960, maelfu ya watoto, wengi wao wa familia zilizohamia kutoka Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, walipigwa miale hiyo vichwani. Nywele ziliota tena. Lakini mwaka 1974 Baruch Modan na wenzake walitangaza kwamba watu hao walikuwa wakipata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi la shingo kuliko watu wengine. Mwaka 1994 nchi hiyo ikatunga sheria ya kuwalipa fidia walioumia. Ugonjwa usioua ulitibiwa kwa dawa inayoweza kuua.

Na dawa salama ilikuwa karibu! Mwaka 1939 wataalamu katika mji wa London walikuwa wamekwisha kuipata griseofulvini kutokana na ukungu, lakini haikufahamika kwamba yaweza kuponya mapunye mpaka mwaka 1958, ilipojaribiwa kwa kumezwa. Tangu hapo ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa za kumeza, kwa sababu mafuta ya kupaka peke yake hayafiki kwenye mizizi ya nywele anakojificha kuvu.

Sababu ya pili inatupeleka Marekani. Mwaka 1867, katika kijiji cha Delta, jimbo la Louisiana, alizaliwa Sarah Breedlove, binti wa wazazi waliokuwa watumwa. Alifiwa na wazazi wote wawili angali mtoto mdogo, akaolewa akiwa na miaka 14, na alipofika umri wa miaka 20 alikuwa mjane mwenye mtoto. Alifua nguo za watu katika mji wa St. Louis. Ngozi ya kichwa chake iliugua na nywele zake zikanyonyoka, kama zilivyowanyonyoka wanawake wengi wa hali yake. Nyumba zao hazikuwa na mifereji ya maji, hawakuweza kuosha nywele mara kwa mara, na sabuni nyingi zilikuwa kali. Kwanza aliuza dawa za Annie Turnbo, mwanamke mwingine mweusi aliyemtangulia katika kazi hiyo. Mwaka 1906 alianzisha biashara yake mwenyewe kwa jina la Madam C. J. Walker. Marhamu yake ilikuwa na salfa, dawa iliyojulikana tangu zamani kwa magonjwa ya ngozi. Lakini aliwafundisha wateja wake jambo lisilouzwa katika kopo: kuosha kichwa mara kwa mara na kuitunza ngozi inayozaa nywele. Alipofariki mwaka 1919 alikuwa na kiwanda mjini Indianapolis na maelfu ya wanawake waliojipatia riziki kwa kazi yake. Tangazo la biashara husifu marhamu. Historia yapasa kuyasifu pia maji na sabuni.

Sababu ya tatu ni ile aliyoigusia Hippocrates. Mwaka 1942 James Hamilton, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba wanaume ambao miili yao haikupata homoni ya kiume tangu utotoni hawakupata upara. Lakini baadhi yao walipopewa homoni hiyo, wale ambao jamaa zao walikuwa na upara, nywele zao zilianza kupungua. Hivyo ikadhihirika kwamba upara wa kawaida wa wanaume, unaoanzia kwenye panja na utosini, hutokana na mambo mawili pamoja: homoni, na urithi wa ukoo. Urithi huo waweza kutoka upande wa baba au upande wa mama. Upara huo si ugonjwa wa uchafu wala malipo ya dhambi. Zipo dawa za kuupunguza. Mojawapo, minoksidili, ilitumiwa kwanza kwa shinikizo la damu, kisha waganga wakaona wagonjwa wanaota nywele, na mwaka 1988 ikaruhusiwa Marekani kupakwa kichwani. Lakini dawa hizo husaidia maadamu zinatumiwa. Zikiachwa, upara huendelea.

Sababu ya nne yatuhusu sana, kwa maana twajitendea wenyewe. Mwaka 1907 Rudolf Trebitsch, msafiri wa Austria, aliandika habari za wanawake wa Greenland waliofunga nywele zao utosini kwa kuzikaza mno, na nywele za pembeni zikawatoka. Jambo hilohilo huonekana Afrika, ambako misuko ni fahari ya kale na sanaa ya kupendeza. Msuko wenyewe hauna kosa. Kosa ni kukaza. Unywele unaovutwa siku baada ya siku huchoka, na shina lake likivutwa kwa miaka mingi hufa kabisa, wala halioti tena. Nywele nzito za kuongezea huzidisha mzigo huo, na dawa kali za kunyoosha nywele huudhoofisha unywele na kuiunguza ngozi. Msichana anayetoka kwa msusi na kichwa kinachouma hata hawezi kulala ameonywa na mwili wake. Maumivu hayo si gharama ya urembo, ni ilani.

Ziko na sababu nyingine. Homa kali, uzazi, upasuaji au huzuni kubwa huweza kuangusha nywele nyingi baada ya miezi miwili au mitatu, nazo aghalabu hurudi zenyewe. Upungufu wa madini ya chuma na chakula kisichotosha huzidhoofisha. Pengine askari wa mwili wanaopigana na maradhi hukosea, wakayashambulia mashina ya nywele, na mabaka laini ya mviringo yakatokea ghafula. Mtu mwenye hali hiyo hawezi kumwambukiza mwenzake.

Sasa kanuni za kinga zaweza kufahamika bila taabu, kwa kuwa kila moja imetoka katika sababu yake. Osha kichwa, na usiazime kitana wala kofia. Mtake kinyozi asafishe mashine na nyembe zake kabla hazijagusa kichwa chako. Suka bila kukaza, pumzisha nywele baina ya msuko na msuko, na ukiona vipele au wekundu kwenye mipaka ya nywele, fumua. Kula maharagwe, mboga za majani, mayai, samaki au nyama kadiri ya uwezo. Usihofu kuona nywele chache katika kitana, kwa sababu mtu mwenye afya hupoteza kati ya 50 na 100 kila siku. Lakini zikitoka kwa mabaka, au kwa wingi usio wa kawaida, au ngozi ikiuma, nenda kwa mganga wa hospitali mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Imebaki kanuni moja isiyohusu nywele, nayo ni ya kumpa mwenzako heshima. Dhihaka ndiyo iliyomsumbua Caesar, na hofu ya dhihaka ndiyo inayomfanya mtoto mwenye mapunye avae kofia na kukaa kimya mpaka awaambukize wenzake darasani. Anayemcheka humfungia mlango wa hospitali. Anayemwuliza kwa upole ameanza lini kuugua humfungulia. Watu wa kale walikwenda mbali kuyatafuta mafuta ya simba na mamba. Sisi twaweza kuanza karibu zaidi, kwa swali lile ambalo hawakuliuliza: kwa nini?