Mlimani, Mtihani na Darasa la Jumapili

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi wanaukumbuka kwa jembe na shamba la shule. Wachache wanakumbuka alivyousema mtihani: kwamba unapima uwezo wa kushika mambo kichwani na kuyatoa kwa muda uliopangwa, na mara nyingine nguvu ya kufikiri haiguswi. Alitaka kijana mdadisi, anayejifunza kwa wengine akachukua linalomfaa na kulitupa lisilomfaa.

Sasa huyo mdadisi apimwe kwa lipi? Waraka ulilitaja tatizo vizuri kuliko ulivyolitibu. Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiotimia ishirini, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Kilipohamia Mlimani mwaka 1964, taratibu za mitihani ya Kiingereza zilihama nacho.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tangu hapo viongozi hawakuacha kuuliza Mlimani kunafundishwa nini hasa. Jibu likawa somo la lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa udaktari: Taaluma za Maendeleo, lililopata taasisi yake mwaka 1973. Nia ilikuwa njema. Lakini somo la kuhoji likishawekewa alama na kufanywa sharti la kufaulu, wanafunzi hulikariri kama masomo mengine.

Wakati wakubwa wakibishana juu ya mtaala, vijana walikwishajianzishia darasa. Mwaka 1967 iliundwa USARF, jumuiya ya wanafunzi wa mrengo wa kushoto, mwenyekiti wake akiwa mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Jumapili walikutana kuchambua vitabu, na Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, alikuwa miongoni mwao. Hakukuwa na alama wala cheti. Aliyekuja bila kusoma aliumbuka mbele ya wenzake, na nadhani hofu hiyo ilifundisha kuliko hofu ya kufeli.

Novemba 1969 wakaanzisha jarida, *Cheche*, likihaririwa na Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Lilichapwa kwa stensili na kubanwa kwa mkono. Septemba 1970 toleo zima lilibeba makala ya Issa Shivji, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza sheria, kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya Tanzania. Aliuliza swali ambalo karatasi ya mtihani isingelithubutu: mashirika yametaifishwa, sawa, lakini nani anayaendesha, na faida inakwenda wapi? Akachambua mikataba iliyoyaacha makampuni ya nje yakisimamia shughuli zilezile na kulipwa kwa kazi hiyo.

Kisha wasomi wakubwa wakamjibu kwa maandishi. Rodney alijibu, John Saul wa Kanada akajibu, na mchumi wa Hungaria, Tamás Szentes, naye akajibu. Walikosoa hoja zake kwa uzito uleule ambao wangekosoa hoja za profesa mwenzao. Kwangu hicho ndicho kipimo halisi cha kufikiri kilichopata kutumika Mlimani: hoja yako inachukuliwa kwa uzito kiasi cha mtu kukaa chini kuipinga. Shivji aliendelea kuipanua, na mwaka 1976 kikatoka kitabu chake kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania.

Jarida lenyewe halikuwepo tena. Novemba 1970, miezi michache baada ya Mlimani kuwa chuo kikuu kamili, USARF na *Cheche* vilipigwa marufuku. Tawi la Umoja wa Vijana wa TANU likaendeleza uandishi kwa jarida la *Maji Maji*, safari hii ndani ya nyumba ya chama.

Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilirudi kwenye suala la upimaji kwa mlango mwingine. Kidato cha sita peke yake hakikutosha tena kumwingiza mtu chuoni. Ilibidi kwanza afanye kazi, kisha apendekezwe na mwajiri na chama. Tabia na utumishi vikapata mtu wa kuvitolea ushahidi. Udadisi uliachiwa mtihani.